Nani Hulipia Shule? Somo Kuhusu Kodi ya Majengo na Wilaya za Shule za Marekani



Wengi wetu hapa chuoni tunajua mambo mawili kuhusu Marekani: kwamba ni nchi tajiri, na kwamba shule zake za serikali hazitozi ada. Yote mawili ni kweli. Lakini ukiyaunganisha ukahitimisha kwamba basi kila mtoto wa Kimarekani anasoma katika darasa linalolingana na la mwenzake, utakuwa umekosea sana. Ndani ya jiji moja zinaweza kuwapo shule mbili za serikali, zote bila ada, moja ikiwa na walimu wa kutosha na maabara kamili, na ya pili ikihangaika kuziba madirisha. Ukitafuta chanzo cha tofauti hiyo usianzie Washington. Anzia kwenye kodi ya majengo.

Somo hili ni kwa wanafunzi wa fani zote, si wa uchumi peke yao. Anayejua kuzidisha na kugawanya atalifuata mpaka mwisho. Jambo moja tu tunataka lishikwe: kiwango cha kodi kinaweza kuwa sawa kwa watu wote, na bado matokeo yake yakatofautiana kama mbingu na ardhi, kwa sababu kile kinachotozwa si sawa. Mengine yote yanazunguka hapo.

1. Wilaya ya shule ni nini?

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina. Tunaposema wilaya ya shule hatuna maana ya wilaya ya kiutawala kama tunazozijua sisi, yenye mkuu wa wilaya na polisi wake. Wilaya ya shule ni mamlaka ya pekee iliyoundwa kwa kazi moja, nayo ni kuendesha shule za umma katika eneo lenye mipaka maalumu. Mara nyingi ina bodi inayochaguliwa na wakazi, bajeti yake, na katika majimbo mengi ina uwezo wa kutoza kodi au kuwaomba wapiga kura waidhinishe kodi.

Marekani ina wilaya za shule zipatazo 13,000. Nyingine ni kubwa mno, zina wanafunzi laki kadhaa; nyingine zina shule moja au mbili. Mipaka yake hailingani kila mara na mipaka ya miji. Jiji moja linaweza kugawanyika katika wilaya nyingi za shule, na mtaa huu ukawa katika wilaya moja wakati mtaa wa pili ng'ambo ya barabara uko katika nyingine. Kumbuka jambo hili la mpaka, kwani tutalirudia.

Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mara moja. Kwa hiyo jukumu la shule limebaki kwa majimbo, na kila jimbo lina katiba yake inayozungumzia elimu. Majimbo nayo, kwa desturi ya miaka mingi, yalikabidhi sehemu kubwa ya mzigo kwa jamii za mahali. Jimbo la Hawaii ni la pekee: lina wilaya moja tu ya shule kwa jimbo zima, na fedha zake hazitegemei kodi ya majengo ya mahali.

2. Mifuko mitatu

Fedha za shule za umma hutoka katika mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza ni wa serikali ya shirikisho, nao ndio mdogo kuliko yote: katika miaka ya kawaida huchangia takriban sehemu moja ya kumi. Mfuko wa pili ni wa jimbo, unaojazwa na kodi ya mapato na kodi ya mauzo. Mfuko wa tatu ni wa mahali. Mifuko hii miwili ya mwisho hukaribiana kwa ukubwa ukichukua nchi nzima, ingawa uwiano hubadilika sana kutoka jimbo hadi jimbo.

Ukiufungua mfuko wa mahali utakuta sehemu yake kubwa ni kodi ya majengo: kodi inayotozwa kila mwaka juu ya nyumba, viwanja, maduka, viwanda na mashamba. Ukijumlisha fedha zote za shule za umma nchini Marekani, zaidi ya theluthi moja inatokana na kodi hii.

Kwa nini jengo, na si mshahara au bidhaa? Wanaoitetea wana hoja nzito, na insafu inatutaka tuzisikie. Nyumba haikimbii. Mwenye mshahara anaweza kuhama na mfanyabiashara anaweza kuficha mauzo, lakini ghorofa linaonekana na kila mtu. Tena mapato ya kodi hii ni tulivu: uchumi ukidorora, mauzo ya dukani hushuka mara moja, ila thamani ya majengo huwa haiporomoki kwa kasi hiyo, kwa hiyo mwalimu hulipwa hata mwaka mbaya. Na hoja ya tatu ni ya uwajibikaji. Wakazi wanaolipa shule yao wenyewe huifuatilia, huhudhuria vikao vya bodi, huuliza fedha zimekwenda wapi.

3. Hesabu ya mili

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tuchukue jimbo la Ohio, kwa kuwa mfumo wake unaonyesha kila hatua waziwazi.

Hatua ya kwanza ni kuthamini. Mthamini wa kaunti hukadiria nyumba ingeuzwa kwa bei gani sokoni. Huko Ohio kazi hii hufanywa upya kila miaka sita, na katikati, mwaka wa tatu, makadirio hurekebishwa. Tuseme nyumba imekadiriwa dola 200,000.

Hatua ya pili ni kupata thamani ya kutozwa. Ohio haitozi juu ya bei yote. Huchukua asilimia 35 yake. Asilimia 35 ya dola 200,000 ni dola 70,000. Hiyo ndiyo thamani ya kutozwa.

Hatua ya tatu ni kiwango. Kiwango hupimwa kwa kipimo kinachoitwa mili. Mili moja ni dola moja kwa kila dola 1,000 za thamani ya kutozwa. Kwa nyumba yetu ya dola 70,000, mili moja ni dola 70 kwa mwaka. Wilaya ya shule ikipata tozo ya mili 5, mwenye nyumba hiyo ataongeza dola 350 kila mwaka, yaani kama dola 29 kwa mwezi.

Hatua ya nne ni kukusanya. Kaunti hukusanya kodi yote kwa pamoja, kisha hugawa: hii ya shule, hii ya zimamoto, hii ya maktaba, hii ya bustani za umma. Mara nyingi fungu la shule ndilo kubwa kuliko yote katika karatasi ya kodi ya mwenye nyumba.

4. Tozo inayopigiwa kura

Hapa ndipo penye jambo geni kwetu. Sehemu ndogo ya kodi hiyo hutozwa bila kuulizwa mtu: Katiba ya Ohio inaruhusu jumla ya mili 10 tu bila kura, nazo hugawanywa kati ya mamlaka mbalimbali za mahali. Kinachozidi hapo lazima kiidhinishwe na wapiga kura wa eneo husika. Bodi ya shule hukaa, hupiga hesabu ya mishahara, mabasi, vitabu na umeme, huona pengo, kisha hupeleka ombi kwenye karatasi ya kura: je, mnakubali tozo ya mili kadhaa kwa miaka kadhaa?

Tozo zenyewe ni za aina mbalimbali. Ipo ya uendeshaji, inayolipa mishahara na gharama za kila siku. Ipo ya ukarabati na vifaa vya kudumu. Ipo ya kulipa hati fungani, pale wilaya inapokopa kujenga shule mpya na kulipa deni kwa miaka mingi. Nyingine ni za muda, tuseme miaka mitano, na muda ukiisha bodi hurudi kwa wananchi kuomba zihuishwe.

Ohio iliongeza ugumu mwingine. Mwaka 1976 ilipitishwa sheria ya kuwalinda wenye nyumba dhidi ya mfumuko wa bei. Kwa ufupi, sheria hiyo inasema kwamba majengo yaliyopo yakipanda thamani kwa kukadiriwa upya, kiwango halisi cha tozo iliyopigiwa kura hupunguzwa ili tozo iendelee kuleta kiasi kilekile cha fedha kilichoidhinishwa. Zipo tofauti zake, kama vile majengo mapya na kima cha chini kilichowekwa, lakini roho ya sheria ni hiyo. Mwenye nyumba akapata nafuu. Shule je? Bei ya chakula, mafuta na vitabu ikapanda, huku tozo ya zamani ikileta dola zilezile za zamani. Ndiyo maana wilaya nyingi za Ohio hurudi kwa wapiga kura mara kwa mara, na baadhi ya wakazi huchoka wakauliza: si tulikwisha wapa?

Tozo ikikataliwa, athari zake huonekana haraka. Mabasi hupunguzwa, masomo ya muziki na michezo hufutwa au hutozwa ada, walimu wapya hupunguzwa kazi. Mfano uliojulikana nchi nzima ni wa Kalkaska, mji mdogo wa jimbo la Michigan. Wapiga kura walikataa kuongeza kodi, na Machi 1993 wilaya ikafunga shule zake wiki kama kumi kabla ya mwaka wa masomo kwisha. Fedha zilikuwa zimekwisha.

Usiwaone wote wanaokataa kuwa ni watu wasiojali watoto. Fikiria bibi mjane aliyelipia nyumba yake miaka thelathini. Mtaa umepata umaarufu, bei ya nyumba imepanda, na kodi imepanda nayo. Pensheni yake iko palepale. Nyumba yake imekuwa tajiri, yeye hakuwa. Majimbo mengi yana punguzo kwa wazee na wenye kipato kidogo kwa sababu hiyo. Lakini punguzo hilo nalo lazima lizibwe na mtu mwingine.

5. Kiwango sawa, mapato tofauti

Sasa tufike kwenye kiini. Tuchukue wilaya mbili za mfano. Wilaya ya kwanza ina nyumba ndogo na haina kiwanda. Ukigawa thamani yote ya kutozwa kwa idadi ya wanafunzi, kila mwanafunzi ana nyuma yake dola 50,000. Wilaya ya pili ina nyumba kubwa na maduka makubwa. Kila mwanafunzi ana nyuma yake dola 400,000.

Wilaya zote mbili zinajitoza mili 20. Ya kwanza inapata dola 1,000 kwa kila mwanafunzi. Ya pili inapata dola 8,000. Wananchi wa wilaya zote mbili wamejitoza kwa kiwango kilekile, lakini mtoto wa pili amepata mara nane ya mwenzake.

Ukimwambia mkazi wa wilaya ya kwanza ajitahidi zaidi, mwulize kwanza ajitahidi kiasi gani. Ili afikie dola 8,000 atahitaji mili 160. Hakuna wilaya ya watu wa kawaida itakayoweza kujitoza hivyo. Na ikijaribu, wenye maduka watahamia wilaya ya jirani, msingi wa kodi utapungua, na kiwango kitalazimika kupanda tena.

Kuna mzunguko mwingine unaoendana na huo. Shule nzuri hupandisha bei ya nyumba, kwa kuwa wazazi wenye uwezo hununua nyumba ndani ya mpaka wa wilaya yenye sifa. Bei ikipanda, thamani ya kutozwa hupanda, na shule hupata zaidi. Shule inasemwa haina ada, lakini kwa kweli ada imo ndani ya bei ya nyumba.

6. Edgewood na Alamo Heights

Hayo si nadharia. Yalifikishwa mahakamani, na kesi yake husomwa katika vyuo vya sheria hadi leo.

Mei 1968, katika jiji la San Antonio, jimbo la Texas, wanafunzi kama 400 wa shule ya sekondari ya Edgewood walitoka madarasani wakaandamana. Walilalamikia majengo mabovu na uhaba wa walimu wenye sifa. Wazazi wakafuata. Mmoja wao, Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya jeshi la anga, akawa wa kwanza katika orodha ya walalamikaji, na kesi ikabeba jina lake.

Hoja yao ilisimama juu ya takwimu za wilaya mbili za jiji hilohilo. Edgewood ilikuwa na wanafunzi wapatao 22,000, takriban asilimia 90 yao wakiwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Ilikuwa ni mitaa ya makazi, yenye biashara na viwanda vichache mno vya kutoza. Thamani ya mali kwa kila mwanafunzi ilikuwa dola 5,960. Alamo Heights ilikuwa na wanafunzi wapatao 5,000, wengi wao weupe, na thamani ya mali kwa kila mwanafunzi ilipita dola 49,000.

Nani alijitoza zaidi? Edgewood. Kiwango chake kilikuwa dola 1.05 kwa kila dola 100, cha juu kuliko vyote katika eneo la jiji. Alamo Heights ilijitoza senti 85. Piga hesabu mwenyewe kwenye karatasi: 1.05 kwa mia ya dola 5,960 ni kama dola 63. Senti 85 kwa mia ya dola 49,000 ni kama dola 416. Baada ya kutoa mchango ambao kila wilaya ilitakiwa kutoa katika mpango wa elimu wa jimbo, mwaka wa masomo 1967-1968 Edgewood ilibakiwa na dola 26 za kodi yake kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights ilibakiwa na dola 333.

Fedha za jimbo hazikusawazisha. Mpango wa jimbo ulileta dola 222 kwa kila mwanafunzi wa Edgewood na dola 225 kwa kila mwanafunzi wa Alamo Heights. Tajiri alipata zaidi kidogo. Fedha za shirikisho zilimpa maskini zaidi, dola 108 dhidi ya 36. Jumla ya yote, mtoto wa Edgewood alikuwa na dola 356, na wa Alamo Heights dola 594.

Mwaka 1971 mahakama ya chini iliwapa wazazi ushindi. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikautengua, kwa majaji 5 dhidi ya 4. Jaji Lewis Powell, aliyeandika uamuzi wa wengi, alisema kwamba elimu, pamoja na umuhimu wake, si miongoni mwa haki za msingi zinazolindwa na Katiba ya shirikisho, na kwamba kuziachia jamii za mahali madaraka juu ya shule zao ni lengo halali la jimbo. Jaji Thurgood Marshall alipinga vikali. Kwake yeye, kusema kwamba jamii ina hiari ya kujitoza ni maneno matupu iwapo kiasi inachoweza kupata kimekwisha kuamuliwa na thamani ya mali iliyomo ndani ya mipaka yake.

7. Majimbo yalijaribu nini?

Mlango wa shirikisho ulipofungwa, wazazi waligeukia mahakama za majimbo. Huko walikuta mlango mwingine, kwa sababu katiba za majimbo, tofauti na ile ya shirikisho, zinataja elimu.

Texas. Edgewood ilirudi tena, safari hii kwa katiba ya jimbo. Ushahidi ulionyesha kwamba wilaya 100 maskini kuliko zote zilijitoza wastani wa senti 74.5 kwa kila dola 100 na kutumia dola 2,978 kwa mwanafunzi, huku wilaya 100 tajiri zikijitoza senti 47 tu na kutumia dola 7,233. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Texas, majaji wote 9 kwa kauli moja, iliamua kwamba mfumo huo unavunja katiba. Baada ya majaribio kadhaa kukataliwa, mwaka 1993 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuzitaka wilaya zenye mali nyingi zitoe sehemu ya mapato yao kwa ajili ya nyingine. Alamo Heights ikawa miongoni mwa walipaji. Hata hivyo utajiri wa majengo si utajiri wa familia. Jiji la Houston, lenye wanafunzi wengi wa familia maskini lakini majengo ya thamani katikati ya mji, lilijikuta katika kundi la walipaji. Mwaka 2016 wapiga kura wake walikataa kulipa. Mwaka uliofuata wakakubali, kwa kuwa kukataa kungewagharimu zaidi.

California. Mwaka 1971 mahakama ya juu ya jimbo ililinganisha Beverly Hills na Baldwin Park. Baldwin Park ilijitoza zaidi ya mara mbili ya kiwango cha Beverly Hills, na ikatumia chini ya nusu kwa kila mwanafunzi. Mahakama iliona kwamba mfumo wa namna hiyo unavunja katiba. Mwaka 1978 wapiga kura wa jimbo hilo wakapitisha ukomo wa kodi ya majengo: asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Wapo wasomi wanaosema mambo hayo mawili yanahusiana, kwamba wenye nyumba hawakuona tena faida ya kujitoza fedha zisizobaki kwao, wengine wanapinga. Lililo wazi ni kwamba shule za California zilianza kutegemea zaidi hazina ya jimbo.

Michigan. Mwaka mmoja baada ya Kalkaska, Machi 1994, wapiga kura walikubali kupunguza sana kodi ya majengo kwa uendeshaji wa shule na kupandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 4 hadi 6. Wilaya za chini ziliinuliwa. Lakini ujenzi wa majengo ya shule ulibaki juu ya kodi ya mahali, na shule zikaanza kuyumba pamoja na mauzo ya madukani.

Ohio. Mwaka 1997 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba mfumo unaotegemea mno kodi ya majengo unavunja katiba ya jimbo. Ilirudia kuukosoa mara kadhaa hadi 2002, kisha ikaiacha kesi. Tozo zinaendelea kupigiwa kura.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kila dawa imekuja na maumivu yake. Ukibakiza fedha mahali, unapata uwajibikaji na utulivu, lakini mtoto anafungwa na thamani ya mtaa wake. Ukizipeleka jimboni, unapata usawa zaidi, lakini mkazi anaona kodi yake imekwenda mbali, na bajeti ya shule inategemea hali ya uchumi na wanasiasa wa makao makuu.

8. Mpangaji na mgeni

Tumalizie na watu ambao kwa kawaida hawatajwi. Miongoni mwetu wapo wenye ndugu waliohamishiwa Marekani kama wakimbizi, hususan kutoka Kongo, wanaozungumza Kiswahili nyumbani kwao Ohio, Kentucky au Texas. Je, wao wanalipia shule?

Hawana nyumba, wamepanga. Karatasi ya kodi haiji kwa jina lao. Lakini mwenye nyumba anayetozwa zaidi hujaribu kupandisha pango, kwa hiyo sehemu ya kodi humfikia mpangaji. Ni sehemu kubwa kiasi gani, wachumi wanabishana, kwani hutegemea uhaba wa nyumba mahali hapo. Haki ya mtoto kuingia darasani, hata hivyo, haitegemei kuwa na nyumba wala risiti ya kodi. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu, katika kesi nyingine ya Texas, iliamua kwamba jimbo haliwezi kumfungia mtoto mlango wa shule ya umma hata kama wazazi wake hawana hati za ukaazi.

Lililo gumu ni kura. Anayepiga kura juu ya tozo ya Ohio ni raia aliyejiandikisha katika wilaya hiyo. Mkimbizi kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kuomba uraia. Katika miaka hiyo anachangia kupitia pango, watoto wake wamo darasani, na uamuzi wa kama darasa hilo litakuwa na mwalimu wa kuwafundisha Kiingereza unafanywa na majirani. Kwa hiyo mwenye ndugu huko na amweleze: akipata uraia, asiidharau kura ndogo ya tozo kwa kuiona si ya rais. Hiyo ndogo ndiyo inayomgusa mwanawe kesho yake asubuhi.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, usiulize kiwango cha kodi peke yake. Uliza kinatozwa juu ya nini. Pili, uliza mpaka umechorwa wapi, kwani mpaka ndio unaoamua mali ya nani inahesabiwa kwa mtoto yupi. Tatu, uliza nani ana kura na nani hana. Maswali haya matatu yatakufaa popote utakaposikia serikali ikisema kwamba huduma fulani sasa italipiwa na wananchi wa mahali wenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumba imekadiriwa dola 120,000 huko Ohio. Tozo mpya ni mili 6. Mwenye nyumba ataongeza kiasi gani kwa mwaka? (Anza na asilimia 35.)

2. Wilaya ina thamani ya kutozwa ya dola 80,000 kwa kila mwanafunzi, na jirani yake ina dola 320,000. Jirani akijitoza mili 15, ya kwanza itahitaji mili ngapi ili ipate kiasi kilekile?

3. Bibi mjane na mzazi mwenye watoto wanne wanaishi mtaa mmoja. Gawanyikeni makundi mawili, kila kundi litetee kura ya mmoja wao, kisha mbadilishane.

4. Je, ni haki kwa wilaya yenye majengo ya thamani lakini wanafunzi maskini, kama Houston, kutoa fedha kwa wilaya nyingine? Ungetumia kipimo gani badala ya thamani ya majengo?

5. Katika nchi yako, mtoto wa shule ya msingi anategemea fedha za nani: hazina ya taifa, halmashauri, au michango ya wazazi? Tafuta takwimu za shule moja unayoifahamu, uzilete kwenye kikao kijacho.